Shamba la Naomi lilikuwa la nani?

Hapa Uganda Mithali 31 ina siku zake mbili kuu: siku ya kwanjula, yaani utambulisho wa ndoa ya kimila ya Kiganda, bibi harusi akiwa amepiga magoti mkekani, na siku ya mazishi, jeneza likiwa chini ya turubai. Msomaji huanzia mstari wa 10, “Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?”, akagusa sufu na kitani, akagusa taa isiyozimika usiku, akafunga kitabu. Mstari wa 16 hupitwa kama kituo kisicho na abiria. Unasema mke huyo huangalia shamba, akalinunua. Analinunua yeye, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye lumbe, ile shughuli ya Kiganda ya kufunga msiba na kumsimika mrithi wa marehemu. Mjane ni mwenzetu wa ibada ya Kiswahili, ile ya mchana inayokusanya wake wa askari, Wakongomani, na wachuuzi waliotoka Busia na Malaba. Asubuhi mhubiri alimsifu kwa Mithali 31 mpaka vigelegele vikapigwa. Alasiri shemeji zake walikuwa wakizunguka mipaka ya kibanja na kamba ya kupimia. Mmoja wao alimwambia kwa upole, kama anayempa habari njema: “Mama, pumzika sasa. Watoto ni wa ukoo, wewe utarudi kwenu.”

Jumamosi iliyofuata, kwenye kipindi cha akina mama, tulikuwa tumefika Ruthu sura ya 4. Yule mjane akainua mkono. “Mwalimu, hili shamba analouza Naomi, lilikuwa la nani?” Nikajibu upesi: la Elimeleki, mumewe. “Elimeleki amekufa tangu sura ya kwanza,” akasema. Wenzake wakacheka. Mimi sikuwa na jibu la pili. Haya yanayofuata ndiyo niliyopaswa kumjibu siku ile.

Tumezoea kuwafundisha wanawake wa Biblia kwa tabia zao. Sara ni utii, Hana ni uvumilivu, Martha ni shughuli nyingi, Yezebeli ni wa kuogopwa. Kwa mazoea hayo Ruthu amekuwa somo la mkwe mwema, na kitabu chote kinaishia pale anapomwambia Naomi, mama mkwe wake, kwamba watu wake watakuwa watu wake. Sina ugomvi na tabia njema. Ila kitabu kina sura nne, na ya nne ni kesi ya ardhi. Kuna lango la mji, kuna wazee kumi walioketishwa, kuna ndugu mwenye haki ya kwanza, kuna mashahidi, na kuna kiatu kinachovuliwa kuthibitisha mapatano, pale ambapo sisi tungeweka dole gumba.

Ili kesi hiyo ieleweke lazima kutenganisha mila tatu ambazo wahubiri wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuokota masazo: mwenye shamba alikatazwa kuvuna mpaka pembeni au kurudi kufuata mganda uliosahauliwa, kwa kuwa hivyo vilikuwa fungu la mgeni, yatima na mjane (Walawi 19, Kumbukumbu la Torati 24). Ruthu alipoingia shamba la Boazi, jamaa wa Elimeleki, hakuwa ombaomba. Alikuwa akichukua kilicho chake kisheria. Ya pili ni ukombozi wa ardhi: ndugu akifukarika na kuuza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu alipaswa kuikomboa isitoke mikononi mwa ukoo (Walawi 25). Ya tatu ni ndoa ya mke wa marehemu: mtu akifa bila mtoto, ndugu aliyekuwa akikaa pamoja naye amwoe mjane, na mzaliwa wa kwanza achukue jina la yule aliyekufa (Kumbukumbu la Torati 25).

Hakuna mahali katika Torati panaposema anayekomboa shamba ni lazima amwoe mjane. Mila hizo mbili zilikuwa njia mbili zisizokutana. Aliyezikutanisha ni Ruthu. Naomi alikuwa amemwelekeza aende uwanja wa kupuria, alale miguuni pa Boazi, na Boazi ndiye angemwambia la kufanya. Soma sura ya 3, mstari wa 4, halafu ruka hadi wa 9. Boazi anashtuka usiku, anauliza “Ni nani wewe?”, na Ruthu hangojei kuambiwa. Anamwambia atandaze upindo wa vazi lake juu yake, kwa kuwa yeye ndiye jamaa wa karibu. Yaani: nioe, na sababu ya kunioa ni kwamba wewe ni mkombozi wetu. Mmoabi huyu, mgeni wa juzi, anamfafanulia mzee wa Bethlehemu mila za Bethlehemu.

Boazi anajibu kwamba watu wote wanamjua kuwa ni mwanamke mwema. Kiebrania kinasema “lango lote la watu wangu”, na lango ndipo kesi zilipoamuliwa. Tena “mwanamke mwema” hapo ni eshet hayil, maneno yale yale ya Mithali 31:10. Hayil hutumika kwa nguvu, kwa mali, na hata kwa jeshi, jambo lililowafurahisha sana wake wa askari nilipowaambia. Angalia anayeitwa hivyo: mjane, hana mtoto, si mwenyeji. Cheo kile tunachokitangaza siku ya kwanjula, Ruthu alikipata akiwa hana mume.

Sasa lango lenyewe. Boazi anamwambia yule jamaa wa karibu zaidi kwamba Naomi anauza shamba. Jamaa anajibu haraka kuwa atalikomboa. Hesabu yake ni nyepesi: Naomi amepita umri wa kuzaa, hakuna atakayekuja kulidai, atalipa fedha leo na shamba litabaki kwa wanawe daima. Ndipo Boazi anaongeza jina la Ruthu. Ruthu anaweza kuzaa. Akizaa mwana, huyo ataitwa kwa jina la Maloni, mume wa Ruthu aliyekufa, na shamba litakuwa lake, huku aliyelipa fedha akibaki na risiti tu. Jamaa anarudi nyuma, anasema ataharibu urithi wake mwenyewe. Mwandishi hakutaka hata kumtaja jina. Kiebrania kinamwita “fulani bin fulani”.

Lakini swali la mjane wetu bado liko pale pale. Ukifungua Hesabu 27, utaona orodha ya warithi: mwana, kama hakuna mwana, binti, kama hakuna binti, ndugu za marehemu, kisha ndugu za baba yake, kisha jamaa wa karibu. Mke hayumo. Wafafanuzi wamebishana sana Naomi aliuza nini hasa, shamba lenyewe au haki ya kulitumia, na wengi huona kwamba alilishikilia kwa jina la mumewe mpaka jamaa alikomboe. Maoni yangu ni kwamba Torati ilikuwa na pengo mahali ambapo mjane angesimama, na kitabu cha Ruthu ni hadithi ya wanawake wawili waliojua pengo liko wapi. Walichukua mila ya shamba na mila ya ndoa, wakazifunga pamoja, wakapita.

Orodha ile ya Hesabu 27 nayo haikushuka kutoka mlimani ikiwa kamili. Binti yumo kwa sababu mabinti watano walikwenda kuuliza.

Majina yao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi wa kabila la Manase. Watu walikuwa wamehesabiwa, nchi ikakaribia kugawanywa kwa majina ya wanaume, na baba yao alikuwa amefia jangwani bila mwana. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Mpango wa hoja yao unanivutia kila ninaposoma. Wanaanza kwa kuondoa shaka: baba yetu hakuwamo katika uasi wa Kora. Kisha wanashika jambo ambalo hakuna mzee wa ukoo angethubutu kulipinga, yaani jina: kwa nini jina la baba yetu lifutike kwa kuwa hakuwa na mwana? Ombi linakuja mwisho: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Hawakusema mila ni mbaya. Walisema mila yenyewe, ya kulinda jina, haiwezi kutimia bila wao.

Musa hakujua la kusema. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na jibu likawa kwamba mabinti wamesema haki. Hapo mahubiri mengi hukoma, na ni kosa, kwa sababu kesi ina rufaa. Sura ya 36 inawaleta wakuu wa ukoo wa Gileadi na pingamizi ambalo Mganda, Mwacholi, Mlugbara au Mkonjo anaweza kulikariri usingizini: mabinti hawa wakiolewa kabila lingine, ardhi yetu itakwenda huko. Jibu lilikuwa la katikati. Ardhi ibaki yao, ila waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Kwa hiyo ushindi wao ulipunguzwa, na Biblia haifichi. Anayemhubiria mwanamke kwamba akidai haki atapata yote hajasoma sura hiyo.

Kuna kipande cha tatu ambacho karibu hakisomwi popote. Yoshua 17. Mto Yordani umekwisha kuvukwa, Musa amekwisha kufa, ardhi inagawanywa kweli. Wale mabinti wanakuja tena. Wanasimama mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu, wanawakumbusha kwamba Bwana aliagiza wapewe urithi. Fikiria hilo: hukumu ilitoka kwa Mungu mwenyewe, ikasikiwa na mkutano mzima, na bado walilazimika kuifuata hadi kwenye ugawaji. Nao walimwendea Eleazari, mtu aliyekuwapo siku ya kwanza mlangoni pa hema. Walikuwa na shahidi aliye hai.

Uganda tuna Hesabu 27 yetu. Katiba ya 1995 ilitamka kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume, ikakataza mila zinazodhalilisha utu wao, ikaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki za wajane, wa kike na wa kiume, kurithi mali za wenzi wao. Wakati huo Sheria ya Urithi yenye msingi wa 1906 ilikuwa bado inafanya kazi, na kwa mume aliyekufa bila wosia ilimpa mjane asilimia 15, au wajane wote wagawane hiyo 15. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa kuwa vilibagua wanawake. Kisha ikapita miaka 15 mahakimu na koo wakienda kwa kukisia, mpaka marekebisho ya 2022. Sasa, marehemu akiacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mgawo ni asilimia 20 kwa mwenzi, 75 kwa watoto, 4 kwa wategemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiingizwi kwenye mgawo huo, na kumfukuza humo mjane au watoto ni kosa la jinai.

Soma tena hiyo asilimia 1. Yule kijana anayesimikwa kwenye lumbe kwa vazi la gome la mti na mkuki, ambaye ukoo mzima unamtazama kama mwenye mali mpya, sheria inamhesabia sehemu 1 katika 100. Nimewaambia watu hili sokoni wakadhani nawatania.

Kuna sharti moja ambalo limewaumiza wengi, na hapa siwezi kupita haraka. “Mwenzi” katika sheria ni aliyefunga ndoa inayotambuliwa: ya kanisani, ya serikali, ya Kiislamu, ya Kihindu, au ya kimila. Miaka ishirini ya kupikiana na kuzaliana bila ndoa haikufanyi mwenzi. Watoto wako watarithi, wewe hapana. Kwanjula iliyokamilika kwa mila inaweza kuwa ndoa ya kimila, lakini ni wangapi wamekwenda gombolola, ofisi ya tarafa, kuisajili? Tunatumia fedha nyingi kwa mahema, magomesi na keki, halafu hatuendi kuchukua karatasi.

Tamari wa Mwanzo 38 angetuelewa. Alikuwa mjane mara mbili, Yuda, baba mkwe wake, akamrudisha kwa baba yake akae akimngoja Shela, mwana wa mwisho wa Yuda, akue, na Shela alipokua hakuitwa. “Utarudi kwenu” ni neno la zamani. Njia aliyoitumia, ya kujifanya kahaba njiani, sitamshauri mtu, na siamini imeandikwa ili iigwe. Ila tazama alichomdai Yuda kiwe rehani ya mwanambuzi aliyemwahidi: pete ya muhuri, kamba yake na fimbo, vitu vinavyomtambulisha mwenyewe kuliko mwanambuzi yeyote. Siku Yuda alipoamuru achomwe moto kwa kuwa na mimba, Tamari hakujitetea kwa machozi. Alituma vile vitu vitatu na swali: tambua, ni vya nani? Yuda akakiri kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye.

Kwa ndugu zetu wa kaskazini nina mwanamke mwingine, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Mwanamke wa Shunemu wengi wanamjua kwa chumba cha juu alichomjengea Elisha na kwa mwana aliyefufuliwa. Elisha alimuuliza: nikuombee neno kwa mfalme? Akajibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Hakuhitaji mfalme, alikuwa na jamaa, ardhi, heshima. Baadaye ikaja njaa, akahamia nchi ya Wafilisti miaka saba. Aliporudi, nyumba na shamba havikuwa vyake tena (2 Wafalme 8). Mumewe hatajwi kabisa sehemu hiyo. Na sasa yule aliyesema anakaa kati ya watu wake anakwenda kumlilia mfalme, kwa sababu watu wake ndio hao hao waliobaki nyuma.

Acholi na Lango wanaijua hadithi hii bila kufungua kitabu. Vita vya waasi wa LRA viliwasukuma watu hadi milioni 1.8 kambini, na walipoanza kurudi baada ya 2006, wazee waliojua mipaka walikuwa wamekufa, miti ya alama imekatwa, na ardhi ya kimila haikuwa na hati. Mjane aliyerudi kwa mumewe aliambiwa ardhi ni ya ukoo wa mume. Akienda kwa baba yake aliambiwa alikwisha olewa. Uamuzi wa mfalme kwa Mshunami unastahili kusomwa katika kila baraza la upatanishi: alimpa ofisa mmoja kwa ajili ya kazi hiyo, arudishiwe vyake vyote pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka. Mazao pia.

Sasa yule shemeji. Kwenye kikao cha ukoo baada ya lumbe alitoa hoja ya mwisho: mdogo wa marehemu amchukue mjane, “hata Boazi alimrithi Ruthu”. Wanawake wengi wamefungwa kwa fundo hili, nami nilimjibu. Boazi hakuwa ndugu wa Maloni. Alikuwa jamaa wa mbali zaidi. Ruthu ndiye aliyeomba. Yule mwenye haki ya kwanza alikataa na hakuna aliyemlazimisha. Katika Kumbukumbu la Torati 25 malalamiko ni ya mjane. Ndugu wa mume akikataa, mjane ndiye anayemvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni. Na lililo kubwa: lengo la mila ile lilikuwa mali irudi kwenye jina la marehemu. Obedi, mwana wa Ruthu na Boazi, alipozaliwa, wanawake wa jirani walisema Naomi amezaliwa mwana. Kurithi mjane kunakofanyika kwetu huelekea upande wa pili, mali inatoka kwa marehemu inaingia kwa mdogo wake. Katiba yetu nayo inataka ndoa iwe kwa hiari ya mume na mke. Mzee mmoja wa ukoo alitikisa kichwa, akasema, “Mwalimu, Biblia yako ina sheria nyingi.” Nikamwambia ameisema vizuri.

Sidhani Biblia ni sheria ya Uganda, na kuna wanawake ndani yake ambao hawakupata haki yoyote, kama binti Yeftha, au yule suria wa Waamuzi 19 ambaye hata jina hana. Kuwageuza kuwa “somo la uvumilivu” ni kuwaua mara ya pili. Ninachodai ni kidogo: tukiwasoma walioshinda, tusome na namna walivyoshinda.

Mjane wetu alikusanya picha za kwanjula, orodha ya vitu vilivyopelekwa kwao siku ile, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, cheti cha kifo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwanjula haikuwa imesajiliwa. Wazee wawili waliokaa upande wa mume siku ile wako hai, na mmoja amekubali kusema mahakamani. Kesi imeahirishwa mara mbili. Jumamosi iliyopita aliomba tusome Yoshua 17, akasoma mwenyewe, polepole, majina yote matano ya mstari wa 3. Alipofika kwa Tirsa alifunga kitabu, akatafuta viatu vyake mlangoni, kwa sababu boda alikuwa akimngoja nje.